Mnaolaani matuta, nisikilizeni

Hakuna jambo linalowaunganisha madereva wa Dar es Salaam kama chuki dhidi ya tuta. Mwenye Vitz na mwenye V8, wa bajaji na wa daladala, kila mmoja ana lake la kusema: limevunja springi, limekwangua sampo, limechelewesha safari, limewekwa na watu wasiopenda maendeleo. Ukitaka kuanzisha mazungumzo na dereva asiyekujua, usimuulize habari za Simba na Yanga, mnaweza kugombana. Lilaani tuta mlilolipita sasa hivi, mtafika mmekuwa marafiki.

Chuki hiyo ina nadharia yake, na nadharia ndiyo ninayotaka kuibomoa. Inasema hivi: tatizo la barabara zetu ni watu. Dereva hana nidhamu, bodaboda hana akili, mtembea kwa miguu hajui kuvuka, mzazi hamwangalii mtoto. Basi dawa ni elimu. Elimu ikishindikana, faini. Faini ikishindikana, tumwachie Mungu. Matuta, kwa mtazamo huu, ni njia ya kishamba ya kuwaadhibu wote kwa kosa la wachache. Utaisikia nadharia hii redioni kila Wiki ya Nenda kwa Usalama, utaisikia kwenye vikao vya madiwani, utaisikia hata msibani kabla udongo haujakauka kaburini: "Madereva wetu wabadilike." Wanaosema hivyo ni watu wazima, wenye heshima zao na nia njema. Lakini wamekosea, na kosa lao linaua.

Mimi nasema kwenye barabara inayopita katikati ya makazi ya watu, mwendo wa gari huamuliwa na umbo la barabara kwanza, tabia ya dereva baadaye. Mbele ya lami pana, iliyonyooka, isiyo na kizuizi, mlokole na mlevi wote watakanyaga mafuta. Anayetaka mwendo upungue aibadilishe barabara yenyewe. Na chombo rahisi kuliko vyote cha kuibadilisha, kinachojengwa kwa siku chache na kufanya kazi kwa miaka, ni tuta lililojengwa kwa vipimo.

Ushahidi uko milangoni mwetu. Miradi kama ule wa kuendeleza jiji, DMDP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliingiza lami katika mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Kabla ya hapo mitaa hiyo ilikuwa mashimo, madimbwi na mchanga wa kuzamisha tairi. Dereva alikwenda kilometa 15 kwa saa, tena kwa zigizaga, akichagua shimo lenye nafuu, na hakuna aliyemsifu kwa ustaarabu wake. Lami ikaja, watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mtu yule yule, kwa gari lile lile na leseni ile ile, akaanza kupita kwa 60 na 70. Maadili yake hayakuporomoka kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni kilicho chini ya matairi. Kama tabia ndiyo chanzo, nielezeni hiyo tabia ilikuwa imejificha wapi siku za vumbi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na imekuwa vitabuni kwa zaidi ya nusu karne. Lakini dereva anasoma vitu viwili kwa wakati mmoja. Kibao kinamwambia 50, barabara inamwambia 80, na barabara anaiona kila sekunde wakati kibao amekipita mara moja, pengine kikiwa kimefunikwa na bango la mganga wa nguvu za kiume. Usishangae mguu unamsikiliza nani.

Sasa simama pembeni ya barabara kama hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama wa vitumbua ameweka karai lake hatua mbili kutoka kwenye lami, kwa sababu wateja wanashukia hapo na mtaro umemnyima nafasi ya kurudi nyuma. Bodaboda watano wamepanga pikipiki zao kwenye sehemu iliyotakiwa kuwa ya watembea kwa miguu. Watoto wa shule ya msingi wanakuja makundi makundi, mkubwa amemshika mdogo mkono, begi la mdogo limemfika magotini. Daladala inasimama, konda anagonga bati, abiria wanasukumana. Mtoto mmoja anataka kuvuka, na njia anayoiona ni mbele ya ile daladala iliyosimama, kwa kuwa hapo gari haliendi. Anapita mbele yake, anachungulia. Noah iliyokuwa nyuma ya daladala imechoka kusubiri, imeshatoka kuipita.

Muulize mtetezi wa elimu hapo ni nani aliyekosa elimu. Atasema dereva wa Noah, na kisheria hajakosea. Lakini hebu tufanye hesabu badala ya kutoa hukumu. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Binadamu mwenye afya, aliye macho, asiye na simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Sasa mweke mtoto mita 13 mbele ya gari. Dereva anayekwenda 30, kwenye lami kavu na breki nzima, atasimama akiwa ameshafika karibu kumgusa. Anayekwenda 50 atamfikia mtoto kabla mguu wake haujagusa breki. Hajapunguza hata kilometa moja. Anamgonga kwa 50 kamili, naye si mlevi wala katili, na mwendo wake ulikuwa halali kwa mujibu wa sheria.

Hapo sijamgusa anayekwenda 65. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa kwa mbele ya gari ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Shirika hilo hilo linasema kila asilimia moja ya ongezeko la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne. Kwa hiyo anaposema mtu "nimezidisha kidogo tu", kidogo hicho chake si kidogo kwa aliye nje ya gari.

Tuingie kwenye elimu yenyewe, maana ndiyo ngome kuu ya wapinzani wangu. Sina ugomvi na elimu. Mtoto afundishwe kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Dereva afundishwe maana ya pundamilia. Ugomvi wangu ni na elimu inayopewa kazi isiyoiweza. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, alionyesha kwamba mtoto mdogo hawezi kufinyangwa aendane na magari, kwa sababu macho, masikio na akili yake havijakomaa kwa kazi hiyo. Ni magari yanayopaswa kuendana naye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo cha Royal Holloway, London, walikuta kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hawawezi kulitambua kwa uhakika gari linalowajia kwa mwendo unaozidi takriban kilometa 32 kwa saa. Mtoto anaangalia kulia kama alivyofundishwa, na ubongo wake unamwambia gari lile limesimama. Ametii somo lote, na bado anagongwa. Utamfundisha nini zaidi?

Na watu wazima je? Mwaka 2003 mtandao wa watafiti wa tiba uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 24 ya kuwaelimisha madereva ambao tayari wana leseni, yakihusisha madereva wapatao 300,000. Haukupata ushahidi kwamba elimu hiyo inapunguza ajali wala majeruhi. Sababu si siri. Dereva wa daladala anajua kwamba kukimbia ni hatari. Analijua hilo kuliko mwezeshaji anayemfundisha ukumbini. Anachokijua zaidi ni hesabu ya tajiri, ambayo lazima ifike jioni, mvua inyeshe jua liwake.

Dereva mmoja wa njia ya Mbagala aliwahi kuniambia maneno ambayo hayamo kwenye mtaala wowote. "Mzee wangu," alisema, "mimi nikienda taratibu peke yangu, wa nyuma ananipita anakwenda kuokota abiria wangu kituo cha mbele. Lakini penye matuta sote tunalingana. Hapo hata mimi napumua." Huyu hakuwa anaomba semina. Alikuwa anaeleza kwamba ustaarabu wa mtu mmoja kwenye barabara ya mashindano ni hasara, na kwamba tuta linamwondolea hasara hiyo kwa kumfunga kila mtu kwa masharti yale yale. Mtungaji wa sera angeliandikia kitabu jambo hilo.

Wengine wanasema: sawa, elimu haitoshi, basi waongezwe trafiki wenye tochi za kupima mwendo. Trafiki ana kazi yake na sitamdharau. Lakini anakaa mahali pamoja, kwa saa chache, na mita mia tatu kabla yake madereva wameshawashiana taa. Ukimkuta, unalipa faini. Ukimpita, mguu unarudi chini. Mtaa una barabara nyingi kuliko askari wote wa wilaya. Saa nne usiku, mama anapotoka zamu ya hospitali, trafiki ameshakwenda kulala, na ana haki ya kulala. Tuta halilali. Halihongi wala halihongwi, na halijui mkubwa. Gari lenye namba za serikali linalipanda taratibu kama guta la mkaa.

Vidhibiti mwendo? Kenya ilivilazimisha kwenye matatu mwaka 2004, chini ya kanuni za waziri John Michuki, ukomo ukiwa kilometa 80 kwa saa. Kwa safari ya Nairobi kwenda Mombasa ni jambo la maana. Kwa mtaa ambao mtoto anatumwa dukani kununua chumvi, chombo kinachomruhusu dereva kufika 80 hakijamzuia chochote.

Halafu kuna wale wa muda. "Mnatuchelewesha, uchumi unalala." Haya, tuhesabu tena. Kilometa moja kwa mwendo wa 60 ni dakika moja. Kwa mwendo wa 30 ni dakika mbili. Vipande vingi vya barabara zinazokatisha makazi ni vya kilometa moja au mbili kabla hujaingia barabara kubwa. Kwa hiyo tunachogombania ni dakika moja, zikizidi sana mbili. Na dakika hizo huzipeleki popote: unazifikisha kwenye mkia wa foleni ya Mwenge au Tazara na kuzimwaga pale, ukiwa umezima injini, unanunua karanga dirishani. Uliyempita kwa mbwembwe unamkuta pembeni yako anachagua maji ya kunywa. Ukitaka kujua uchumi unalala wapi, pita kwenye wodi za MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, uwaangalie vijana wa miaka ishirini na kitu wamefungwa vyuma miguuni, na ndugu zao wameacha biashara ili wakae pembeni ya kitanda.

Sasa nije kwenye lawama yenye ukweli ndani yake: matuta yetu mengi ni mabaya. Hili silikatai. Yapo matuta yaliyosimama wima kama tofali lililolazwa, membamba, marefu kwenda juu, hayana rangi, hayana kibao, hayana taa. Mgeni wa barabara akikuta tuta kama hilo usiku, hasa mwenye pikipiki, anaweza kupoteza maisha. Mama mjamzito ndani ya bajaji anasaga meno. Lori linapoliparamia saa nane usiku, nyumba ya jirani inatikisika hadi vyombo kabatini. Mwenye kulalamikia tuta la namna hiyo yuko upande wangu.

Lakini tuta baya ni hoja dhidi ya fundi mbaya. Vipimo vinajulikana. Mwanafizikia wa Marekani Arthur Compton, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927, alibuni matuta ya kudhibiti mwendo mwaka 1953 kwa ajili ya chuo alichokiongoza mjini St. Louis. Miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ikapata umbo ambalo hadi leo linaigwa duniani: tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 kufuata barabara na kimo cha sentimeta 10 tu. Kwa mwendo wa 25 au 30 gari linapanda na kushuka bila mtu kumwaga chai. Kwa 60 dereva anajuta. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: linamtoza aliyekimbia na kumwachia asiyekimbia. Kwa hiyo anayeniambia tuta la vipimo limemvunjia springi, ameniambia pia alikuwa anakwenda mwendo gani.

Na tujiulize matuta yale mabaya yametoka wapi. Mara nyingi historia yake ni moja. Wakazi wanaandika barua serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaipeleka kata. Kata inaipeleka wilayani. Wilayani wanajibu kwamba barabara ina hadhi fulani na haipaswi kuwekwa matuta, au bajeti imeshapita. Mtoto anagongwa. Wakazi wanamwaga magogo barabarani na kuchoma matairi. Viongozi wanafika na msafara, wanaahidi. Wiki zinapita. Usiku mmoja fundi wa mtaa anachanganya zege kwa beleshi, vijana wanamshikia tochi, asubuhi tuta limeshakauka. Halina vipimo kwa sababu wenye vipimo walikataa kuja. Baadaye wataalamu wale wale waliokataa ndio wanaofika na sururu kulibomoa, wakisema ni hatari. Kama tuta la wananchi ni kosa, kosa hilo lina mzazi, na mzazi wake yuko ofisini.

Kwamba kazi ikifanywa vizuri inaokoa watu, si jambo la kubahatisha. Kwenye makutano ya Suhum, katika barabara ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, rasta, yaani vituta vidogo vya mfululizo, peke yake zilipunguza ajali kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likirekebisha maeneo yanayozunguka shule za msingi: matuta, vivuko vyenye rangi, njia za miguu, nguzo za kuzuia pikipiki kupanda pembeni, hata kuhamisha geti la shule kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Watafiti walipolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zisizofanyiwa, waliona watoto wanaojeruhiwa wamepungua kwa walau asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ikatwaa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Dunia ilikuja kujifunza kwetu, huku sisi tukiendelea kubishana kama tuta ni ushamba.

Hapo huwa ninajibiwa: "Mbona Ulaya hawana fujo hizi? Wenzetu wana nidhamu." Hii ndiyo hoja inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inadhani Mzungu amezaliwa anajua kukanyaga breki. Mwaka 1971 Uholanzi, nchi ndogo, ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Nidhamu ilikuwa wapi? Wazazi waliingia barabarani wakaifunga mitaa chini ya kauli mbiu ya Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto, sawa kabisa na wanavyofanya watu wetu kwa magogo. Tofauti ni kwamba wao walisikilizwa. Serikali ilibana njia, ikaweka kona na matuta, ikaanzisha mitaa iitwayo woonerf ambamo gari ni mgeni na mtoto ndiye mwenyeji. Helsinki, Finland, ilimaliza mwaka mzima, hadi Julai 2025, bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani, na zaidi ya nusu ya mitaa yake ina ukomo wa kilometa 30. Nidhamu tunayoisifu tunapokwenda huko kutembea imejengwa kwa zege, lami na rangi, kisha watu wakaizoea.

Hoja ya gari la wagonjwa nayo naiheshimu, maana kila sekunde ya mgonjwa ina thamani. Ila ina majibu. Yapo matuta yaliyokatwa vipande, ambayo magari mapana yanayapitia katikati bila kupanda huku gari dogo likilazimika kupunguza. Na tuwe wakweli: gari la wagonjwa Dar es Salaam linakwamishwa na foleni, na madereva wanaokataa kulipisha, na wajanja wanaolifuata nyuma ili wapate njia. Siku tutakapoyamaliza hayo, njooni tuzungumze kuhusu tuta.

Wapo wanaosema watembea kwa miguu wajengewe madaraja ya juu. Kwenye barabara ya Thika, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nane, madaraja yanahitajika na watu wafundishwe kuyatumia. Lakini kwenye barabara ya mtaa, hoja hiyo ina maana gani? Maana yake mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, bibi mwenye magoti mabovu na kijana wa kiti cha magurudumu wapande ngazi na kushuka ngazi, ili aliyekaa kwenye kiti cha gari asinyanyue mguu. Kati ya hao, ni nani aliye rahisi kumsumbua?

Sisemi tuta liwekwe kila mahali. Barabara kuu ya kwenda mikoani, iliyo mikononi mwa wakala wa barabara, TANROADS, haiwezi kuwekewa tuta la ghafla mahali magari yanapokwenda 100. Huko ni kuwategea watu mtego. Lakini barabara kuu inapoingia kwenye makazi, lazima ikubali kwamba imeingia nyumbani kwa watu: mwendo ushushwe kwa hatua, kwa vibao, kwa rasta, kwa kubana njia, kwa kipilefti, hadi kwenye kivuko kilichoinuliwa. Mitaa iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, haina hata kisingizio hicho. Hakuna mtu anayesafiri kwenda Mbeya kwa kupitia mbele ya duka la mangi.

Na kuna jambo moja linalonithibitishia kwamba hakuna anayeiamini kwa dhati nadharia ya elimu. Ingia kambi ya jeshi, utakuta tuta getini. Ingia hoteli kubwa, tuta. Ingia chuo, ingia ofisi za taasisi nyeti, ingia nyumba za wakubwa zilizozungushiwa ukuta: matuta, tena ya vipimo, yamepakwa rangi ya njano na nyeusi. Mbona huko hamsemi madereva waelimishwe? Mbona mwanajeshi, aliyefundishwa nidhamu kuliko sisi sote, hakuaminiwa kupunguza mwendo kwa hiari? Kwa sababu aliyejenga alijali walio ndani, na anayejali hasubiri tabia ibadilike. Elimu imebaki kuwa dawa ya watoto wa wengine. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa mataifa walikutana Stockholm wakatoa azimio linalotaka mwendo usizidi kilometa 30 mahali watu na magari wanapochanganyika, na Umoja wa Mataifa ukaliunga mkono mwaka huo huo. Sheria yetu ya 50 ni ya mwaka 1973, enzi ambazo mitaa mingi ya leo ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi. Irekebishwe: 30 kwenye makazi na mbele ya shule. Lakini isibaki kwenye karatasi. Mkataba wowote wa kuweka lami mtaani uwe na matuta, vivuko na njia za miguu ndani ya michoro na ndani ya bei tangu siku ya kwanza, na mkandarasi asilipwe fungu la mwisho mpaka viwepo. Matuta mabovu yaliyopo yavunjwe na kujengwa upya kwa vipimo, yapakwe rangi, yawekewe vibao na taa. Mheshimiwa diwani anayekuja kukata utepe wa barabara mpya aulizwe hapo hapo, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, mwendo utapunguzwa na nini.

Anayepinga haya ana haki ya kupinga. Ninamwomba tu asipingie redioni wala akiwa ndani ya gari lenye vioo vya giza. Aje kwenye mkutano wa mtaa, wazazi wakiwa wamekaa mbele yake, ataje ni dakika ngapi anazozidai kutoka kwao na anataka kuzifanyia nini.